Sabufa iliyomwamsha mama mkwe

Jumanne usiku, saa sita kasorobo, nilizima kompyuta na sabufa ikapiga PUU! kama mtu kaangusha gunia la mahindi sebuleni. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kumwona mjukuu, akatoka chumbani kajitanda khanga, anauliza nani kavunja mlango. Mtoto naye kaamka. Tulimbembeleza hadi saa nane.

Mlio ule haukuwa mgeni kwangu. Laptop yangu ni ya mtumba, nimeiwekea mfumo wa Linux, na inashinda kwenye umeme kwa sababu betri ilishakufa. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Fundi wa mtaani alisema waya mbovu, nikanunua mwingine. Akasema basi sabufa imechoka. Hapo nikamshuku, maana sabufa hiyohiyo ukiichomeka kwenye simu haitoi mlio wowote.

Kilichonifungua macho ni kuhesabu. Nikisimamisha rekodi ili niandike sentensi, baada ya muda inasikika "pa!" ndogo. Nikabonyeza tena, nikahesabu: kila mara ilikuwa sekunde ya sita hivi. Waya mbovu haujui saa.

Kumbe kadi ya sauti ikikosa kazi, draiva yake, yaani programu inayoiendesha, huilaza ili kuokoa umeme. Kwenye njia ya kutolea sauti huwa kuna volti ya kudumu. Ikiondolewa ghafla, mshtuko wake unaingia kwenye ampli ya sabufa, na ampli haichagui, inaukuza kama inavyokuza muziki. Sekunde tano za kwanza ni za WirePlumber, programu inayoratibu sauti, ambayo husubiri kiasi hicho kabla ya kuiachia kadi. Ya sita ni ya draiva. Niliiuliza hivi:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Ikajibu 1, yaani sekunde moja. Nikatengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d, jina lolote mradi liishie na .conf, nikaandika mstari mmoja wenye sifuri, maana yake kadi isilazwe kamwe:

options snd_hda_intel power_save=0 power_save_controller=N

Nikawasha kompyuta upya. Zile "pa!" za katikati ya kazi zikaisha siku hiyohiyo. Umeme unaookolewa pale ni mdogo sana, na kwa mashine isiyo na betri kama yangu sikuona sababu ya kuung'ang'ania. Kama unatumia TLP, programu ya kuokoa umeme, angalia na huko, kwa kuwa ina mpangilio wake wa SOUND_POWER_SAVE na inaweza kuifuta kazi yako kimyakimya.

Lakini gunia la usiku lilibaki. Kompyuta ikizimwa au ikilazwa, kadi lazima ikatiwe umeme, hiyo sifuri haisaidii. Nikaamua kuinyamazisha kadi kabla haijakatwa. Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga: niliizima sauti kwa amixer, amri ya kurekebisha sauti, mwanzoni mwa safari ya kuzima. Mfumo ukaihifadhi hali hiyo ndani ya asound.state, faili la kukumbuka mipangilio ya sauti, na asubuhi kompyuta ikaamka bubu. Nilipoteza nusu saa nikidhani nimeiua kadi.

Dawa ilikuwa kuchelewa. Skripti, yaani faili za amri, zinazokaa /usr/lib/systemd/system-shutdown huendeshwa mwisho kabisa, hali ya sauti ikiwa imeshahifadhiwa. Yangu ina mstari mmoja wa maana:

amixer -q -c 1 set Master mute

Hiyo 1 ni namba ya kadi kwenye mashine yangu. Kadi 0 kwangu ni ya HDMI, tundu la kuunganishia TV, na nilihangaika nayo kabla sijaandika aplay -l kuona orodha. Kwa kulala, skripti inakaa system-sleep, folda jirani. Hiyo huitwa mara mbili: ikipewa neno pre inanyamazisha, ikipewa post inarudisha sauti. Usisahau kuzipa zote mbili ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x.

Mlio haukufa wote. Imebaki "tu" moja, kama tone la maji kwenye sufuria, na nikikumbuka kuzima sabufa kwanza hata hiyo haipo.

Ijumaa usiku nilizima nikiwa nimesimama palepale, nimebana pumzi. Kukawa kimya. Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani: "Mkwe, leo hulali?"