Chumvi au Alkoholi

Jirani yetu hapa Kiborloni ana mbege inayochacha tangu juzi, na harufu yake imenirudisha moja kwa moja kwenye maabara tuliyosomea, wiki ile ya hamira.

Kazi ilikuwa kutoa kwenye hamira invatesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko) kinachokata sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi. Kuvunja seli hakukuwa na ubishi: tulisaga hamira kwa mchanga safi kwenye kinu cha kauri, kama Eduard Buchner alivyofanya mwaka 1897, akaonyesha kuwa maji ya hamira yasiyo na seli hai bado huchachusha sukari. Ubishi ulikuja kwenye kusafisha, yaani kukitenga kimeng'enya na vingine vilivyomo. Sisi tulipewa chumvi iitwayo salfeti ya amonia, wenzetu alkoholi.

Mama aliposikia kwenye simu akashangaa: "Mwanangu, si ndiyo SA, mbolea tunayoweka kwenye mahindi?" Ndiyo mama, ileile, ila ya maabara. Hunyang'anya protini maji, zikatua chini zikiwa nzima. Alkoholi huzitua pia, tena upesi, lakini inadai baridi. Ikipata joto inaziharibu umbo.

Umeme ukakatika, barafu ya wenzetu ikayeyuka. Tope letu la protini zilizotua lililala usiku kucha ndani ya maji kwenye kifuko cha dayalisisi, kinachopitisha chumvi na kuzuia protini, ili chumvi itoke. Maana amonia hukamata shaba iliyomo kwenye Benedict, dawa ya buluu inayobadilika rangi ikichemshwa na glukosi au fruktosi, na kuvuruga kipimo.

Kesho yake tukaweka kila sampuli kwenye maji ya sukari, tukaziacha kidogo, tukatia Benedict na kutumbukiza testityubu kwenye sufuria inayochemka juu ya jiko la gesi. Zote mbili buluu. Tukainama hadi mvuke ukatuunguza nyuso. Yetu ikaanza ukijani, ikaingia njano, ikawa chungwa, na ghafla ikajaa wekundu wa tofali, mzito, usioona upande wa pili. Ya wenzetu ikaishia kijani. Tulipiga vigelegele mpaka darasa la jirani likachungulia.

Mwalimu akasubiri tunyamaze. "Mmepima kazi. Usafi je?" Usafi ni kazi ya kimeng'enya kwa kila miligramu ya protini, na protini haikuwa imepimwa.

Mahali umeme unapokatika ovyo, mimi bado nachagua chumvi. Ila kama alkoholi ile ingepata barafu yake, sijui nani angepiga vigelegele.