Maneno ya watoto mkekani

Ngamiani, Tanga, baada ya magharibi. Mkeka umetandikwa barazani, chai imo chupani, na mtoto wa miaka mitano anauliza: "Bibi naye anamwamkia nani shikamoo?" Wakubwa wanacheka. Kwangu mimi swali hili ni zito. Mtoto ameshaijua kanuni, kwamba mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, akapanda nayo mpaka juu kabisa, akakuta huko juu hapana mtu.

Mengi yanayotuchekesha yako hivi. Mtoto anaifuata kanuni mpaka pale sisi tulipoiachia njiani. Saa ya ukutani, kwa mfano: mshale mfupi uko kwenye saba, mama anasema saa moja. Mtoto akibisha ana haki. Usimwambie "ndivyo ilivyo". Mwambie sisi twaanza kuhesabu jua likichomoza, na hapa kwetu, karibu na ikweta, halibadilishi sana wakati wake mwaka mzima. Kisha mwonyeshe namba inayotazamana na mshale mfupi: hiyo ndiyo saa yetu.

Lugha ndiyo inayonivutia zaidi. Mtoto wa miaka mitatu akimwita mwenzake "Kuja!", msikilize vizuri. Kila siku anaambiwa "Kula!" na "Kunywa!", basi na kuja amekuweka palepale. "Njoo" ndilo neno lililotoka kwenye mstari. Na wazee wetu walifanya hivyohivyo. Kile kibati cha kukinga matope kwenye baiskeli kilikuja na jina lake la Kiingereza, masikio ya Kiswahili yakasikia "madigadi", na kwa kuwa ma- ni ya wingi, kimoja kikawa "digadi". Mji huu umejaa baiskeli, na hakuna fundi anayecheka akilitaja neno hilo.

Kwa hiyo andika. Daftari la kurasa 48 latosha, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, likae karibu na mkeka. Weka tarehe, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, nini kilisemwa kabla, kisha maneno yake kama yalivyotoka. Andika palepale, ukingoja mpaka asubuhi utakuwa umeshamsahihishia sarufi bila kujua, na utamu wote umo kwenye hilo kosa. Akisema "jana tutakwenda kwa shangazi", acha hivyohivyo. Kwake jana ni siku yoyote isiyo leo. Ukitaka kumsaidia, mpe kitu cha kushika: "tukilala, tukiamka, tunakwenda."

Kinachoharibu mambo ni kumwambia arudie mbele ya wageni. Mara ya pili anaigiza, mara ya tatu ananyamaza, na wapo wanaonyamaza kwa wiki nzima. Simu ikielekezwa usoni hufanya vilevile. Baada ya kumuuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujaongeza neno. Wengi wetu hatufiki hata tatu, tunamjibia. Na kicheko, kama kimekushinda, basi mweleze kilichokufurahisha, asidhani amechekwa yeye.

Yako maswali yasiyojibiwa mkekani. Maji yakipwa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, mtoto atauliza, "Bahari imekwenda wapi?" Mpeleke. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita, na kila siku wakati husogea mbele dakika 50 hivi, kwa hiyo uliza wavuvi kwanza. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, keti naye nusu saa. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, yatamchosha, ataondoka kabla hajaona kitu. Chagua bamvua, yaani maji makubwa, la mwezi mpevu: maji hutoka upesi, na kijiti kinabaki peke yake mchangani. Atauliza nani anayeyavuta. Geuka naye, umwonyeshe mwezi.