Usiku Pili alipozaa

Nafanya kazi ofisini Posta, nyumbani ni Kimara. Natoka kabla hakujapambazuka kuwahi basi la mwendokasi, narudi saa mbili usiku. Muda wangu wa kuandika ni mtoto akishalala, basi.

Juzi nilikaa mezani nimalizie andiko langu la kwanza, la mambo ya mshahara na bajeti ya nyumbani. Paka wetu, Pili, hakuja kunilalia miguuni kama kawaida yake. Anaingia chini ya kabati, anatoka, analia. Nikamkunjia khanga kuukuu ndani ya boksi, nikaliweka pembeni gizani.

Saa sita akazaa wa kwanza. Akamlamba, akamlamba, mpaka kile kingozi chembamba kikatoka puani, ndipo nikasikia sauti nyembamba kama ya kifaranga. Walikuja watatu. Mimi nimepiga magoti, tochi ya simu nimeifunika kwa kiganja isimuumize macho.

Andiko la bajeti nimeliweka kando. Nimeandika habari za usiku ule, na kwa mara ya kwanza sikufuta kila sentensi.

Macho yao yatafunguka baada ya siku 7 hadi 14 hivi, na mwanangu anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila asubuhi. Jirani keshaomba mwenye doa jeusi shingoni. Nimemwambia asubiri wiki 8 zitimie, bado wananyonya.

Leo nikishuka kwenye basi napitia dagaa. Anayenyonyesha lazima ale vizuri.