Ncha ya mgomba, nyuzi 196 chini ya sifuri

Ufadhili ulionipeleka Ubelgiji unaitwa Vavilov-Frankel. Ulianzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya watafiti vijana wa nchi zinazoendelea, waende nje kufanya utafiti wa kuhifadhi mimea ambao kwao bado hauna vifaa wala wa kuufundisha. Vavilov ni yule Mrusi aliyezunguka dunia akikusanya mbegu, hadi Ethiopia alifika, kisha akafia gerezani Saratov mwaka 1943. Wenzake aliowaacha Leningrad, mji ukiwa umezingirwa na Wajerumani, walikufa njaa ndani ya jengo lililojaa pakiti za mpunga na karanga. Hawakuzila. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo chuoni, lakini kulikuta jina lake kwenye barua yenye jina langu chini yake kulinigusa kwa namna nyingine.

Mimi sikuwa na mbegu za kuhifadhi. Natoka Kagera, na sisi chakula chetu ni ndizi, na ndizi za kupika hazina mbegu. Mgomba wa mama yangu ni chipukizi la mgomba wa bibi, nao ulikuwa chipukizi la mwingine, hivyo hivyo kurudi nyuma. Benki ya mbegu inayogandisha mahindi na maharage haiwezi kuusaidia. Ukifa shambani, na jirani naye hana, aina hiyo imekwisha.

Na ilikuwa inakwisha. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukavuka ukaingia kwetu. Ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizikata ndani zimeoza, na ukikata shina linatoka usaha wa rangi ya manjano. Dawa hakuna. Jirani yetu aling'oa karibu kibanja kizima, migomba ambayo baba yake aliikuta, na nilimwona akisimama pembeni ya shimo bila kuzungumza na mtu. Nilipokaa kuandika maombi ya ufadhili sikuhitaji kutafuta sababu.

Leuven, mji wa Ubelgiji nilikopelekwa, kuna mkusanyiko wa migomba mkubwa kuliko wote duniani, zaidi ya aina 1,500, uko chuo kikuu cha pale tangu 1985. Usitegemee kuona shamba. Ni vyumba vyenye rafu za chupa ndogo, kila chupa na mche wa kimo cha kidole, kwenye nyuzi joto 16 ili ukue polepole. Hata hivyo miche hiyo inakua, na inapokua lazima ihamishwe chupa, na kila ukihamisha kuna hatari ya kuvu kuingia au mche kubadilika tabia. Ndiyo maana wanaigandisha kwenye nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambako uhai unasimama kabisa. Hilo ndilo nililolifuata.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa maabara, mama mmoja mtulivu, asiyesema neno mpaka aone mkono wako unafanya nini. Unauweka mche chini ya hadubini na kuuvua magamba moja moja kwa kisu chembamba, kama tunavyovua mgomba uliokatwa kibanjani mpaka kwenye moyo, ila hapa moyo wenyewe ni milimita moja tu. Ni kinundu cheupe kinachong'aa, na vijani viwili vitatu vimekikumbatia. Kisha kinaingia kwenye dawa za kukitoa maji. Hapo ndipo kazi ilipo. Kikikaa muda mfupi, maji yaliyobaki yataganda kuwa vipande vya barafu vipasue chembe hai. Kikizidisha, dawa yenyewe itakiua. Kinatakiwa kiwe kwenye barafu nusu saa na zaidi kidogo, kisha kiwekwe kwenye tone la dawa hiyo juu ya kipande cha karatasi ya aluminiamu na kuzamishwa papo hapo. Nitrojeni inachemka, inatulia, basi.

Hakuna makala niliyokuwa nimeisoma nyumbani iliyonipa hilo. Nilikuwa nazijua namba zote, dakika na vipimo vya sukari, lakini kujua kwa jicho kwamba kinundu hiki kimevuliwa vya kutosha na kile bado, hilo linatoka kwa mtu aliyekaa pembeni yako. Kwangu mimi ufadhili wa namna hii thamani yake iko hapo, kuliko hata kwenye fedha.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya kufungua sahani za aina ya nyanda za juu, kundi la ndizi zetu. Tulikuwa tumezitoa kwenye nitrojeni wiki kadhaa nyuma, tukaziweka gizani kwanza, halafu kwenye mwanga. Sahani ya kwanza vinundu vingi vilikuwa vimekuwa vyeusi. Ya pili hivyo hivyo, ila pembeni kimoja kilikuwa kimevimba na kutoa ncha ya kijani, imekunjwa kama jani linavyokunjwa likitoka mgombani. Ya tatu nilikuta kadhaa. Yule mama aliinama akatazama, akaniambia nihesabu upya, kisha akanishika bega. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi, nimevaa koti jeupe tu.

Jioni nilinunua kadi ya simu nikampigia mama Bukoba. Alisikiliza, akauliza, "Sasa hizo ndizi mnazogandisha huko ni za nani, mwanangu?" Nilimweleza kwamba ziko chini ya makubaliano ya kimataifa, mkulima au mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuomba miche akapewa bila kununua. Hakuridhika mara moja, na nadhani alikuwa na haki ya kutoridhika. Akauliza, "Na zetu zote zimo?"

Nikamwambia atulie nichukue kalamu. Alianza Nshakara, Nchoncho, Nyoya, akaendelea na majina ambayo sikuyaona kwenye orodha ya Leuven, mengine huenda ni mgomba ule ule unaoitwa tofauti kijiji cha pili. Akamwita shangazi aongezee. Kadi ikaisha wakiwa bado wanabishana kuhusu ndizi moja ya pombe. Niliporudi Maruku, kwenye kituo chetu cha utafiti wa kilimo karibu na Bukoba, karatasi ile ndiyo ikawa ratiba yetu ya kukusanya, na tukaanza na vibanja vilivyokuwa karibu zaidi na mnyauko.