Stata ya pikipiki ya zamani: usikimbilie kununua mpya

Asubuhi za Julai hapa Arusha ndizo zinazoumbua stata (mota ya kuwashia injini) iliyochoka: unabonyeza, rilei (swichi ya umeme ya stata) inalia "ta!", injini kimya. Pima betri kwanza. Ikiwa imetulia iwe na volti 12.5 hivi, ukibonyeza ikaporomoka chini ya 9.6, anza na betri.

Betri ikiwa nzima, toa waya wa negativu, kisha shusha stata. Kabla ya kulegeza bolti mbili ndefu, chora alama kwenye vifuniko na bodi. Hesabu washa (pete) nyembamba za kila upande. Zikichanganyika, shafti itacheza au itabana.

Kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zilizobaki nusu ya urefu wa mpya, badilisha zote pamoja na springi zake. Komyuteta (duara la vipande vya shaba ambalo kaboni huligusa) isugue kwa msasa laini namba 600, halafu kwangua uchafu kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanang'arisha shaba, mifereji inabaki imejaa unga wa kaboni, na kaboni mpya zinaliwa haraka. Pima kwa mita ya umeme: kipande kwa kipande umeme upite, kipande kwa shafti usipite kabisa. Ukipita hadi kwenye shafti, amecha (sehemu inayozunguka) imeungua, na kaboni mpya hazitaiponya.

Oringi (pete za mpira za kuzibia) weka mpya, tafadhali. Vumbi letu na maji ya kuoshea pikipiki hupenya hapo. Grisi kidogo tu kwenye bushi (pete zinazoshikilia shafti), isiguse komyuteta. Ijaribu mezani ukiwa umeibana kwenye jiliwa, maana inaruka kwa nguvu.