Mbuyu Niliouzika Ungali Hai

Nilikwenda Lamu mwezi wa Februari kumuoza binamu yangu. Basi kutoka Mombasa ni la kutwa nzima, miguu imekunjwa kama ya kuku aliyefungwa kwenda sokoni, na ukifika Mokowe bado hujafika, kuna boti, na mwenye boti anajua kwamba huna njia nyingine. Harusi ilikuwa na kila kitu cha harusi. Siku ya nne wanawake walikuwa bado na shughuli zao za ndani na mimi sina kazi, nikashuka gatini kutafuta chombo cha kunipeleka Takwa, kwenye magofu ya kisiwa cha Manda.

Kijana mmoja aliyekaa ukutani akaniambia shilingi 4,000, kwenda na kurudi, zote mkononi. Nikatoa. Tulipofika katikati ya mkondo, nahodha, mzee wa kijiji cha Shela mwenye kofia iliyofifia kwa chumvi, akaniuliza nimelipa ngapi. Nilipomwambia alinyamaza kwanza. Yeye alikuwa amepewa 1,500. Zile 2,500 zilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na huenda ndiyo maana siku ile kila kitu nilikiona kibaya.

Takwa ni mji uliohamwa na wenyewe karne ya 17. Kuta zipo, msikiti wa Ijumaa upo na nguzo yake juu ya kibla, na upande mmoja kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683. Mimi lakini niliona mibuyu. Imesimama katikati ya nyumba za watu kama wageni waliokataa kuondoka. Februari kaskazi inavuma, joto linapanda kutoka mchangani, na mibuyu yote haina hata jani moja. Mmoja mkubwa, uliobana na kipande cha ukuta, ulikuwa na ngozi iliyokunjamana, ya kijivu, matawi yake mafupi yameelekea juu kama mikono ya mtu anayezama. Nikasema, "Huu umekufa."

Nahodha hakunijibu. Alikwenda mpaka shinani, akapakuna gome kwa ukucha wa dole gumba, mara moja tu, pahali padogo kama shilingi. Chini ya ule ukijivu kulikuwa na kijani kibichi, kilicholowa maji. Akanitazama.

"Umelala, mwanangu. Ndoo mwezi wa masika." Kwa Kiamu, "ndoo" ni njoo.

Nilirudi Mombasa na namba ya simu ya yule mzee na kile kijani machoni. Sijui nieleze vipi. Nimekulia Majengo, na mti wangu wa utotoni ni mkungu uliokuwa mbele ya nyumba yetu. Kwetu mjini majira tuliyajua kwa mkungu ule. Majani yakiwa mekundu, yakianguka, mama analalamika kufagia mara mbili kwa siku. Sisi tulivunja kungu kwa jiwe tukala kile kiini chembamba, na kila mtoto ana kovu la kidole kwa ajili hiyo. Mwaka juzi ulikatwa ili pikipiki zipate pa kuegesha. Niliporudi kutoka kazini jioni nikakuta kisiki na unga wa msumeno, na jua limeingia mpaka sebuleni ambako halikuwahi kufika. Sikumbuki nikiutazama mti ule hata siku moja kwa makusudi. Nilipita chini yake miaka thelathini.

Kwa hiyo Mei nilirudi, na safari hii hakukuwa na harusi. Wa nyumbani waliniona nimechanganyikiwa, kulipa nauli yote ile kwenda kuangalia mti. Njiani nilikuwa nikihesabu mibuyu ya Kilifi kupitia dirishani, na nilihesabu kwa uchungu, kwa sababu mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa pamoja na mizizi yake ili isafirishwe kwa meli mpaka nchi ya Georgia, hadi Rais Ruto akaagiza uchunguzi. Mti uliokaa mamia ya miaka ukafungwa kamba kama mzigo. Nilipokuwa na miaka ishirini habari kama ile ingenipita tu.

Takwa sikuitambua. Ule uwanja mkavu ulikuwa kivuli kitupu, na mbuyu wangu umevaa majani mpaka huoni tawi, kila jani limegawika vidole vitano au saba. Nilizunguka mara mbili nikitafuta pale palipokwanguliwa kwa ukucha. Palikuwa pameshaziba. Mvua ilitunyeshea tukajibanza ukutani, na hapo nahodha akanishika mkono ghafla nisipige hatua. Karibu na kiatu changu palikuwa na mche mmoja, urefu wa kiganja, wenye majani membamba ya moja moja, hayana vidole. Ningeapa ni gugu. "Mbuyu," akasema. Ukiwa mchanga jani lake halifanani na la mzazi wake, ndiyo maana watu wengi wanaukanyaga, wanaulima, na mbuzi wanaula, kisha wanasema mibuyu haioti siku hizi. Ile methali ya mbuyu na mchicha naijua tangu shule ya msingi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeinama akautazama ule mchicha wenyewe.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa mwisho wa Novemba, vuli, mwezi unakaribia kumi na nne, kwa hiyo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Anayejua Takwa anajua kwamba huendi utakavyo wewe, unakwenda yatakavyo maji. Unaingia kwa kijito kirefu kilichozibwa na mikoko pande zote mbili, na yakishakupwa kinabaki tope. Maji yalijaa saa kumi alasiri. Tukaingia, nahodha akaniambia nusu saa tu. Nikatazama mibuyu, majani yapo, na katikati ya majani kuna vitu vinaning'inia kwa vikonyo virefu, vya mviringo, ukubwa wa yai, rangi ya kijani cha kahawia. Nikapiga picha mbili. Tukarudi chomboni.

Mashine ikanguruma, chombo hakisogei. Kile kipini cha propela kilikuwa kimekatika, tuligonga mzizi tulipokuwa tunaingia. Si kitu kikubwa, msumari unatosha. Lakini tulikuwa hatuna msumari. Mzee akakagua sanduku lote, akakagua mbao za chombo, mimi nikarudi magofuni kutafuta. Nilipopata, kwenye kipande cha ubao mzee wa kibanda, na tukaukata kwa koleo mpaka ukaingia, maji yalikuwa yamekwisha kutuacha. Tukashika pondo tukasukuma. Chombo kikasogea hatua tatu, kikalala ubavu.

"Mai yamekwenda," akasema. "Mpaka saa kumi alfajiri."

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimemlipa 3,000 safari hii, mkononi mwake mwenyewe bila dalali, na basi langu la kurudi ni asubuhi mapema, tiketi hairudishwi. Simu haikushika. Mbu wa kwenye mikoko walikuwa wamekwisha kujua habari zetu. Niliwaza maneno mengi ya kumwambia, lakini yeye alikuwa ameshafungua fuko lake, ana mkate wa mofa, kipande cha nguru wa kukaanga na chupa ya chai ya maziwa, anagawa katikati kwa kisu kwa uangalifu mkubwa, na nusu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Nikanyamaza. Akasema tupande juu, kwenye mbuyu, kuna upepo.

Tulisali magharibi mchangani. Nilipotoa salamu ya mwisho nikasikia kitu juu, sauti ndogo, kama nguo iliyokaa sandukuni inakunjuliwa. Nikainua macho. Lile yai lililokuwa juu yangu lilikuwa linapasuka. Sisemi lilikuwa limepasuka, nasema nililiona likipasuka. Lile ganda lilijikunja kwenda nyuma vipande vipande, na ndani mkatoka weupe uliokunjamana, petali pana tano zikajitandaza zikarudi juu, na katikati ukaning'inia mpira wa nyuzi nyeupe kama brashi ya kinyozi ya kupaka poda. Dakika chache tu. Kisha la pili, tawi la jirani. Kisha sikujua niangalie wapi.

"Kila mwaka?" nikamuuliza.

"Kila mwaka. Kila ua usiku mmoja."

Mwezi ukapanda, maua yakawa yanaonekana kama taa zilizogeuzwa chini. Popo wakaja. Walijibandika kwenye ule mpira wa nyuzi, nukta moja, wakaruka, na ukiangaza tochi unaona nyuso zao zimepakaa unga. Ua lenyewe halina harufu ya asumini, usijidanganye. Lina harufu ya kitu kilichoanza kuchacha, na popo ndiyo wanayoipenda.

Mzee alizungumza usiku ule kuliko safari zote. Alikata mikoko ujana wake. Alinihesabia kwa vidole ukubwa wa miti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na vyumba vya nyumba za mawe za mji ule ni vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka upana zaidi. Nilikuwa nimelala chini ya dari zile mara tatu bila kujua kwamba mti ndio uliopima chumba changu. Akaniambia pia kuwa wazee wa Shela walitoka hapa Takwa, na watu bado huja kusoma dua penye kaburi. Nikaupapasa mbuyu gizani. Ukiutazama ulipoota, ndani ya kuta, unajua kwamba wakati wake wa mchicha ulikuja baada ya paa kuanguka. Hakuna mwenye nyumba aliyeuona.

Tulilala kidogo. Kila mara kutoka kijitoni ilisikika *pu*, kisha kimya, kisha *pu*. Ni mbegu za mkoko. Zinaota zingali mtini, zinarefuka kama mkuki, zikishaiva zinaanguka zikajichoma kwenye tope wima. Tope lililonishika mimi ndilo lililokuwa linazipokea.

Saa kumi kasorobo maji yakaanza kurudi, kimya kimya, kwanza unyevu tu kwenye tope, kisha mstari, kisha chombo kikanyanyuka ubavu. Chini ya mbuyu maua mengi yalikuwa yameshaanguka. Nikaokota moja, bado jeupe, zito kuliko nilivyodhani, nikaliweka ndani ya kofia yangu. Tulipofika gatini Lamu lilikuwa la rangi ya kahawia, kama ganda la ndizi lililosahauliwa, na basi langu kule Mokowe nimelikosa. Nikanunua tiketi nyingine kwa bei ya siku ya pili, ambayo ni ghali zaidi. Nilipotaka kumuongezea mzee kwa usiku mzima, alikataa, akachukua shilingi 50 za msumari.

Anasema matunda yatakuwa tayari baada ya masika.