Matela mawili kwenye njia ya Natron

Shemeji alikuwa nyuma yangu kwenye vumbi, akiwasha taa na kupiga honi mfululizo. Sikumsikia mapema, maana njia ya kutoka Engaruka kwenda Ziwa Natron hutikisa gari hadi milango ikalia. Niliposhuka, tairi la kushoto la tela lilikuwa limechanika vipande na rimu imekwaruzwa na mawe meusi ya volkano.

Tulitoka Arusha alfajiri, magari mawili, watu wazima wanne na watoto watano. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatafuta tela la kununua, kwa kuwa tumechoka kulaza watoto kwenye hema la chini mvua ikinyesha, na mizigo ya juu ya keria inaongezeka kila likizo. Tukakodi tela kubwa la aina tuliyokuwa tukiitamani: jiko la kuvuta kama droo, friji, tanki la maji la lita 100, hema la kufunguka juu na godoro nene. Shemeji alivuta la kwake, sanduku la chuma alilochomelewa na fundi wa mjini, lenye springi za pikapu kuukuu na hema limefungwa juu. Tuliamua kuyapitisha yote mawili njia moja ndipo tuamue.

Hadi Mto wa Mbu, zaidi ya kilomita mia moja za lami, tela kubwa lilinifuata kama halipo. Mke wangu alikuwa ameshapanga moyoni kila chombo kitakaa droo gani.

Baada ya hapo unaelekea kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako. Kuna majivu laini, makorongo makavu ya mchanga, na changarawe iliyojikunja mawimbi madogo madogo kama bati la paa. Engaruka tulisimama kuwaonyesha watoto magofu: matuta ya mawe na mifereji ya wakulima waliohama karibu miaka mia tatu iliyopita. Mdogo wetu aliuliza ni nani aliyebeba mawe yote yale, na mpaka leo anauliza.

Tairi lilipasuka mbele kidogo ya hapo. Magurudumu ya tela yalikuwa ya inchi 13, bolti nne. Prado yangu ina inchi 17, bolti sita. Spea ya gari nilikuwa nayo, nzima kabisa, lakini haikuweza kuingia. Tukafunga spea pekee ya tela, na sehemu kubwa ya mawe ilikuwa bado iko mbele. Tela la shemeji linavaa magurudumu yale yale ya gari lake, kwa hiyo spea zake mbili zinahudumia magurudumu sita. Tena yanakanyaga humo humo yalimopita ya gari. Langu lilikuwa jembamba, gurudumu moja likipanda tuta la katikati na kuinamisha tela zima.

Tulifika kijiji cha Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, jioni, mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai umesimama nyuma yetu mweupe kileleni. Mke wangu alivuta droo ya jiko akanyamaza. Gari likienda hufyonza hewa na vumbi nyuma yake, na mlango wa jiko ulikuwa upande wa nyuma. Sukari na unga vilikuwa vimegeuka kijivu. Chapati za usiku ule zilisaga meno.

Shemeji ana desturi moja ambayo nimeichukua: kila akisimama anaweka kiganja kwenye habu, kitovu cha gurudumu la tela. Yake ilikuwa vuguvugu. Yangu nilishindwa kuishika. Tuliifungua kwa tochi, beringi ilikuwa karibu kukauka, na pale shokapu inaposhikwa kwenye chesi palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

"Shemeji," aliniambia akipaka grisi, "ugali utaupika hata kwenye mafiga. Habu utaipata wapi huku?"

Lakini watoto wetu walilala vizuri kuliko wake. Upepo wa Natron ulilipiga hema lake usiku kucha. Na kwenye korongo, tela lake fupi lilijikunja mara mbili aliporudi nyuma, wakati langu lenye mkono mrefu wa kuungia gari lilitii. Hayo nayo niliyaandika.

Asubuhi watoto walikwenda kutazama flamingo pamoja na mama zao. Mimi na shemeji tulihamisha madumu ya maji kutoka mkiani hadi mbele, maana mdomo wa tela, pale linaponing'inia kwenye gari, unatakiwa ubebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na langu lilikuwa jepesi mbele, likiyumba. Tukapunguza upepo wa matairi kutoka PSI 35 hadi 24. Tulirudi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, tela likiwa limetulia, nikigusa habu kila kituo.

Juma lililofuata tulikuwa kwa fundi wa shemeji. Tumeagiza magurudumu ya bolti sita, springi ambazo mji wowote mdogo unazo, mkono mrefu, na breki zake lenyewe, maana likijaa litapita kilo 750. Jiko litatazama ubavuni, na mlango wake uwe na mpira wa kuzuia vumbi. Fundi alichora chesi sakafuni kwa chaki. Mke wangu akamwomba chaki ile, akachora tanki la maji mwenyewe, juu ya ekseli.